Mrukaji wa Parachuti Akitaka Urubani

Mkazi wa Kampala anayetaka kujirusha kwa parachuti kama mchezo kwa kawaida hufunga safari hadi pwani ya Kenya. Diani, katika Kaunti ya Kwale, kuna kituo cha Skydive Diani, ambako wageni na wanafunzi huruka wakiiona bahari chini yao. Naye anayetaka kujifunza kuendesha ndege hahitaji hata kulala nje ya nyumba yake. Uwanja wa Kajjansi uko kando ya barabara ya Entebbe, jirani na viwanda vya matofali na vigae vilivyoupa mji huo sifa, na tangu barabara ya mwendokasi ilipofunguliwa mwaka 2018 mtu wa Kampala hufika huko mapema akiamka na jogoo. Kwa hiyo swali hili linamhusu sana kijana wa Kampala: mtu aliyeanza kujirusha, aliyeionja anga mara chache tu, aanze hapo hapo kujifunza urubani? Na kile anachokijua tayari kitamsaidia au kitamponza?

Jibu langu ni kwamba aanze, wala asisubiri kwanza awe bingwa wa parachuti. Ila anayekwenda Kajjansi akidhani kwamba ujasiri aliouonyesha mlangoni mwa ndege ndio utakaomfanya rubani, atatumia pesa nyingi kabla ya kuelewa mambo. Kitu cha thamani anachokuja nacho ni ujuzi wa bawa. Ujasiri mwalimu wa urubani hauhitaji sana.

Tuanze na hilo bawa, kwa sababu wengi bado wanaifikiria parachuti kama mwavuli wa duara unaomshusha askari popote upepo unapompeleka. Parachuti ya mchezo ya siku hizi ni ya mstatili, imeshonwa vyumba vyumba vinavyoingiza hewa kwa mbele, na ikishajaa hewa inapata umbo kamili la bawa. Mvumbuzi Domina Jalbert wa Marekani ndiye aliyeibuni mwaka 1964. Inasonga mbele, inageuka kwa kuvutwa kamba za breki, na ikipunguzwa mwendo kupita kiasi inaacha kubebwa na hewa na kuporomoka, kama linavyofanya bawa la ndege ndogo ya Cessna.

Mwanafunzi wa parachuti hufundishwa kutua kwa kupita pande tatu: kwanza asafiri upepo ukiwa mgongoni, kisha akate kona upepo uwe ubavuni, halafu akate kona ya mwisho aukabili upepo uso kwa uso. Mzunguko huo huuanza akiwa kama futi 1,000 juu ya ardhi. Mwanafunzi wa urubani naye hufundishwa mzunguko huo huo, kwa kawaida katika kimo hicho hicho. Mmoja huvuta breki mbili karibu na majani ili mwendo umfie miguuni, mwingine huvuta usukani taratibu hadi magurudumu yaguse. Anayejua kuusoma upepo kwa kuangalia moshi, bendera au maji ya ziwa hapotezi ujuzi huo akihamia kwenye kiti cha rubani.

Hata kosa linaloua ni moja. Warukaji wengi waliokufa katika miaka ya karibuni walikuwa chini ya parachuti nzima, iliyofunguka vizuri. Walikata kona kali wakiwa chini mno. Kwa marubani wa ndege ndogo, kona ya mwisho kabla ya kutua ina historia ya namna hiyo: rubani ameupita mstari wa uwanja, anajaribu kuufidia kwa kuikaza kona, mwendo unapungua, bawa la ndani linaacha kubeba, ndege inajipinda na kimo cha kuiokoa hakipo. Mrukaji aliyekaririshwa kwamba kona ya chini inaua amekwisha kusoma moja ya sura ngumu zaidi za kitabu cha urubani.

Basi tatizo liko wapi? Liko katika kuamua.

Parachuti haina injini. Ikishafunguka, kutua ni lazima, na nafasi ni moja. Ukikosea hesabu utatua mahali pabaya, lakini utatua. Mafunzo yote ya mrukaji yamejengwa juu ya ukweli huo: chagua mahali, kamilisha, usibabaike. Cessna 172 inampa mtu ruhusa ambayo parachuti haimpi kamwe. Ukiona uko juu sana, au una mwendo mkubwa, au upepo umekusukuma kando, unasukuma mkono wa injini hadi mwisho, unapanda tena na kuzunguka upya. Hakuna aibu, hakuna anayekupunguzia alama. Kwa mtu aliyezoea kumaliza alichokianza, hili ni gumu kuliko linavyosikika. Anauona uwanja mbele yake, na mwili wote unamwambia atue. Mwalimu mwenye busara atamlazimisha mwanafunzi wa namna hii kughairi kutua mara nyingi, tena pale ambapo angeweza kutua salama, mpaka kughairi kuwe kwepesi kama kutua.

Kuna pia suala la muda. Kujirusha kutoka futi 10,000 juu ya ardhi humpa mwanafunzi kama nusu dakika ya kuanguka bila parachuti, kwa kasi inayofika karibu kilomita 190 kwa saa, kabla ya kuifungua katika kimo cha futi 5,000 hivi. Ikifunguka vibaya, ana kimo cha mwisho cha kuamua alichokikariri tangu ardhini. Akikifikia, anavuta mshikio wa kulia kuitupa parachuti iliyoharibika, kisha wa kushoto kuifungua ya akiba. Kila kitu huisha kwa sekunde. Nidhamu hii ya kimo cha kuamua ni hazina kwa rubani, na ningependa kila rubani angekuwa nayo. Lakini hatari nyingi za rubani haziji kwa sekunde. Huanza jana yake usiku kwa usingizi mchache, zikaendelea asubuhi kwa wingu alilolipuuza na mafuta aliyodhani yanatosha, zikaishia adhuhuri juu ya ziwa. Mrukaji amefunzwa kulitatua tatizo likishatokea. Rubani hulipwa kwa kuliona kabla halijatokea, na mara nyingi kwa kubaki ardhini.

Tazama namna wawili hawa wanavyojiandaa. Mrukaji hugeuzwa na mwenzake kabla ya kupanda ndege: mikanda ya mapajani imekaza, mkanda wa kifuani umepita sawasawa, pete tatu begani zimekaa moja juu ya nyingine, pini ya mgongoni iko mahali pake, kipima kimo kinasoma sifuri. Ukaguzi ni mfupi, na wengine wanakuangalia. Rubani mwanafunzi wa Kajjansi huizunguka ndege peke yake saa moja asubuhi, umande ukiwa bado juu ya mabawa. Anashika kikombe kidogo cha plastiki, anakibonyeza chini ya bawa mpaka mafuta yatoke, anakiinua kwenye mwanga na kutafuta tone la maji lililotulia chini. Akiliona anamwaga na kuchota tena. Halafu bawa la pili. Halafu anapanda kuchungulia tangi kwa macho yake, kwa sababu mshale wa mafuta kwenye ndege ndogo si wa kuaminiwa peke yake. Hakuna anayemshangilia na hakuna anayempiga picha. Anayeichoka kazi hii katika wiki ya pili hataufaa urubani, hata awe hodari kiasi gani mlangoni.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo watu wa pwani hawalijui na watu wa Kampala hulisahau: kimo cha nchi yenyewe. Kajjansi iko zaidi ya futi 3,700 juu ya usawa wa bahari. Ukiongeza jua la mchana, nyuzi 28 hivi, hewa ya hapo inakuwa nyembamba kama ile ambayo hesabu za kawaida za anga huiweka katika futi 6,000 na ushei. Bawa halijui kwamba magurudumu bado yako chini. Linajua wembamba wa hewa tu. Injini inapumua hewa haba, propela inashika hewa haba, na umbali wa kukimbia kabla ya kupaa huweza kuongezeka kwa nusu ukilinganisha na asubuhi ya baridi kando ya bahari. Wakati wa kutua, ndege huigusa ardhi kwa mwendo halisi ulio mkubwa kwa takriban asilimia 9 kuliko unaosomeka kwenye kipima mwendo.

Wembamba huo huo wa hewa unaigusa parachuti. Mwanafunzi aliyezoea kutua kwenye mchanga wa Diani, akija kutua katika uwanda wa Uganda wakati wa mchana, ataona ardhi inamjia haraka zaidi na miguu inataka kukimbia. Hajakosea, na parachuti haina hitilafu. Hewa ndiyo tofauti. Hapa ndipo kusoma urubani kunapomlipa mrukaji. Darasa la parachuti humwambia mwanafunzi kwamba sehemu za juu zina mwendo mkubwa. Darasa la urubani humfundisha kupiga hesabu yake kwa joto na kimo cha siku hiyo, akaijua kabla ya kupanda.

Kimo pia kinaathiri pumzi. Mrukaji hurudisha kipima kimo chake kwenye sifuri akiwa ardhini, kwa sababu kinachomhusu ni umbali wa kuanguka. Rubani hukiweka chake kisome usawa wa bahari, ili apishane na ndege nyingine na vilima kwa hesabu moja. Futi 10,000 za mrukaji wa Diani ni karibu futi 10,000 za rubani wake. Futi 10,000 za mrukaji juu ya Kajjansi ni zaidi ya futi 13,700 za rubani wake, na kanuni za ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, zinamtaka rubani atumie oksijeni wakati wote anapopita futi 13,000. Cessna 172S, ndege ambayo wanafunzi wengi duniani huianzia, mwisho wake wa kupanda ni kama futi 14,000. Hesabu hii peke yake inaonyesha kwa nini kuanzisha kituo cha parachuti karibu na Kampala kunadai ndege yenye nguvu, oksijeni na pesa, wakati pwani hujitosheleza kwa ndege ndogo. Nayaona haya kuwa maelezo mazuri kuliko yale ya kwamba Waganda ni waoga.

Hilo la woga halina msingi hata kidogo. Wanajeshi wa Uganda walianza kufunzwa parachuti na Waisraeli katika miaka ya 1960, hadi Idi Amin alipowafukuza mwaka 1972, na Amin mwenyewe alionekana miaka mingi akivaa kifuani nishani ya mabawa ya askari wa miavuli wa Israeli. Parachuti hapa ilikuwa jambo la kambini kabla ya kuwa jambo la raia, na kwa kiasi kikubwa imebaki kambini.

Hali ya hewa ya ziwa nayo ni mwalimu mkali. Ziwa Victoria, lenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 68,800, hujitengenezea dhoruba zake: usiku na alfajiri radi huwa juu ya maji, mchana mawingu hujijenga juu ya nchi kavu. Ndiyo maana masomo ya mwanzo ni ya asubuhi. Mwanafunzi aliyezoea kusubiri wingu lipite kisha aruke atajifunza kwamba kwa rubani wingu la saa nane mchana ni suala la saa mbili asubuhi, wakati wa kupanga safari. Halafu kuna wale kalooli, ndege wakubwa wenye upara wanaoishi kwenye majalala na miti ya Kampala. Jua likishapasha ardhi joto, hupanda wakizunguka kwenye hewa ya moto bila kupiga bawa. Anayewaona wanazunguka ajue hapo hewa inapanda, na ajue pia kwamba kugongana na mmoja wao ni kuvunja kioo cha mbele au zaidi.

Kuhusu karatasi, mrukaji asijidanganye: hata awe amejirusha mara mia, hapati saa moja ya kuhesabiwa kwenye kitabu cha urubani. Viwango vya ICAO, ambavyo Uganda kama mwanachama imeviingiza katika kanuni zake chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, vinamtaka anayetafuta leseni ya rubani binafsi awe na miaka 17, cheti cha daktari cha daraja la pili, na saa zisizopungua 40 za kuruka, au 35 akisoma katika kozi iliyoidhinishwa. Kati ya hizo, 10 awe peke yake, na 5 za hizo ziwe za safari, ikiwemo moja ya kilomita 270 yenye kutua katika viwanja viwili tofauti. Wengi huvuka 40. Mazungumzo ya redio ni kwa Kiingereza, na mtihani wa lugha upo.

Gharama ni kubwa, na ni vyema hilo lisemwe wazi. Petroli ya ndege za pistoni huagizwa kutoka nje na kusafirishwa kutoka bandarini hadi ndani ya bara. Vipuri vinakuja kwa dola. Bima ni ya dola. Leseni nzima ni maelfu ya dola. Mwanafunzi anayeruka mara moja kwa mwezi hutumia nusu ya kila somo kukumbuka la mwezi uliopita, hivyo hulipa zaidi ya aliyekusanya pesa kwanza akasoma mfululizo. Anayeutaka urubani kama kazi ana njia nyingine, Soroti. Chuo cha huko kilianzishwa mwaka 1971 kwa ajili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kikawafunza marubani na mafundi wa nchi zote tatu, na Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 kikabaki mikononi mwa Uganda. Kimepitia miaka ya ukame, lakini Uganda Airlines iliyofufuliwa mwaka 2019 imewapa wanaohitimu sababu ya kutumaini kwamba kazi ipo nyumbani.

Je, anaweza mtu kuunganisha mambo haya mawili na kuwa rubani wa warukaji? Anaweza, na hapa ndipo aliyeanzia kwenye parachuti anapokuwa na faida ambayo wenzake hawana. Kubeba warukaji wanaolipa ni kazi ya kibiashara, kwa hiyo kunahitaji leseni ya biashara, yaani saa 200, au 150 katika kozi iliyoidhinishwa. Ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa. Watu wanahama ndani ya ndege wakati mwendo ni mdogo kabisa, wanajazana karibu na mlango, na uzito unahamia nyuma. Tarehe 14 Julai 2019, karibu na Umeå nchini Uswidi, ndege aina ya Airvan iliyobeba warukaji ilimshinda rubani ikiwa inakaribia mahali pa kuwatoa. Wote 9 walikufa, ingawa warukaji walikuwa na parachuti mgongoni. Wachunguzi wa Uswidi walitaja mwendo mdogo, uzito uliolalia nyuma, mawingu, na mzigo wa kazi uliozidi ujuzi na uzoefu wa rubani. Karibu miaka sita kabla, Novemba 2013, huko Superior katika jimbo la Wisconsin, Marekani, Cessna mbili za warukaji ziligongana angani. Watu wote 11 walipona. Rubani mmoja aliokolewa na parachuti ya dharura aliyokuwa ameivaa, mwingine alitua na ndege iliyoharibika.

Ninapoyasoma matukio haya mawili pamoja, naona kinachokosekana kwa mrukaji mwanafunzi na kwa rubani mwanafunzi. Mrukaji amezoea kuiona ndege kama basi: akishatoka, yanayobaki hayamhusu. Rubani asiyewahi kusimama mlangoni hajui kwamba hatua mbili za watu wanne kuelekea nyuma zinaweza kumnyang'anya ndege. Aliyesoma yote mawili anajua kwamba akihama, anahama na uzito wa ndege, na atakaa pale alipoambiwa akae. Kwa hiyo hata yule asiyekusudia kupata leseni angefaidika kwa masomo machache ya mwanzo, yale ya mwendo mdogo, ya bawa kuacha kubeba, na ya injini kuzimika. Katika hilo la mwisho kuna tabia ya kuvunja: Cessna ya shule haina parachuti, na kutoka futi 1,000 ina uwezo wa kuteleza bila injini kama kilomita 2.7 hewa ikiwa tulivu, mara tatu ya parachuti. Kuzunguka Kajjansi, ambako nyumba zimejaa na kinachobaki wazi ni vinamasi na ziwa, kilomita hizo ni za kutumiwa kwa akili. Anayetafuta mlango wakati huo amekwisha kupoteza nusu ya umbali huo.

Kwa anayesoma haya akiwa na pesa ya hatua moja tu mwaka huu, ushauri wangu ni huu. Usilipe kwanza kozi, wala usinunue vifaa vya parachuti. Nenda kwa daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ukapimwe macho, masikio na moyo kwa cheti cha daraja la pili, maana wako walioanza kulipa saa za ndege kabla ya kujua kwamba afya isingewaruhusu kuruka peke yao. Ukipata cheti, lipia somo moja la majaribio Kajjansi, asubuhi, na umwombe mwalimu akuonyeshe ndege ikipunguzwa mwendo hadi bawa liache kubeba. Kama utakachokitaka baada ya hapo ni kujua kwa nini ilitokea, jiandikishe.